Mchelea Kamera Kulia

Wanangu, ovaroli hii naivua mwisho wa mwezi. Niliingia kiwandani enzi ambazo chupa zilikaguliwa kwa macho ya watu. Kijana alikaa mbele ya ubao mweupe wenye taa nyuma yake, chupa zikapita, akatoa yenye ufa, akatoa yenye uchafu, na baada ya muda mfupi akabadilishwa kwa sababu macho yalikuwa yanatazama bila kuona. Leo kazi ile inafanywa na kamera. Haichoki, haiombi chai, haisinzii saa tisa usiku. Hapo ndipo ninapowaogopea. Mtu aliyechoka unamjua kwa kumtazama. Kamera iliyopangwa vibaya haina dalili hiyo: taa yake ya kijani inaendelea kuwaka, na chupa mbovu zinaendelea kwenda sokoni.

Sikuja kuwafundisha kufungua menyu. Menyu mnazijua kuliko mimi, na vidole vyenu ni vyepesi. Wepesi huo ndio ulionileta.

Nianze na aibu yangu. Ilikuwa kiwanda kingine, si hiki, nami nilikuwa na umri wenu. Zamu ya usiku. Kamera iliyosoma tarehe ya mwisho wa matumizi kwenye shingo ya chupa ikaanza kukataa. Kwanza chupa moja moja, kisha tatu tatu, hadi kisukumizi cha hewa kikawa kinagonga kama mtu anayepasua kuni. Kreti za chupa zilizokataliwa zikajaa. Nikaokota chupa mbili, nikazisoma kwa macho yangu: tarehe ipo. Msimamizi wa zamu akaja juu, akauliza kwa nini mashine yangu inamshushia hesabu yake ya usiku, akaniambia niinyamazishe. Nikamtii. Nikaongeza muda wa mwanga, nikapandisha geini, ile inayokuza ishara ya kamera, kisha nikashusha alama ya kupita kutoka 80 hadi 50. Kisukumizi kikanyamaza. Msimamizi akanipiga bega, akasema kumbe kiwanda kina fundi.

Kimya kingi kina mshindo mkuu. Printa ya wino ilikuwa inaziba pua taratibu. Zile tarehe nilizozisoma zilikuwa zimeshaanza kukosa nukta hapa na pale. Jicho langu lilijaziliza mapengo bila kuniambia, kamera ikakataa kujaziliza. Kilio chake kilikuwa cha haki. Kufika alfajiri tarehe zilikuwa mikwaruzo mitupu, na kamera niliyoizoesha kuridhika na nusu iliridhika nayo. Asubuhi tulivunja paleti kwa mikono, katoni kwa katoni, chupa kwa chupa, na yule aliyenipiga bega hakukumbuka kwamba ndiye aliyeniambia niinyamazishe. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Mimi nililia mpaka adhuhuri.

Tangu siku ile nina utaratibu mmoja ambao nimekataa kuuvunja kwa ajili ya mtu yeyote. Kamera ikianza kukataa sana, natazama kwanza bidhaa: huenda kweli imeharibika. Pili natazama kioo cha lenzi na taa: huenda pana vumbi, tone la sharubati, au taa imelegea kwenye kishikio chake. Mipangilio naigusa mwisho, baada ya hayo mawili kuwa safi. Wengi wenu mnaanzia mwisho kwa sababu mipangilio ipo karibu na kidole, na bidhaa ipo mwendo wa hatua arobaini.

Jambo linalowaponza zaidi mmelitoa kwenye simu. Mmekua na kamera mfukoni ambayo kazi yake ni kuwapendeza. Ukiwa gizani inang'arisha, uso ukiwa na chunusi inaulainisha, anga likififia inalipaka rangi. Yote inayafanya yenyewe, nawe unasema picha nzuri. Kamera ya kiwandani haipigi picha ya kumpendeza mtu. Inapiga picha ya ushahidi. Shahidi anayebadili maneno kila anaposimama kizimbani hana faida, hata akiwa na sauti tamu. Kwa hiyo kila kitu kinachojirekebisha chenyewe ndani ya kamera ile kizimeni: muda wa mwanga wa kujiamulia, geini ya kujiamulia, mizani ya weupe ya kujiamulia, kunoa kingo, kulainisha chengachenga. Gama iachwe kwenye 1, ili mwanga ukizidi mara mbili namba nayo izidi mara mbili.

Mtaniuliza ubaya wake ni nini. Chukueni ukaguzi wa ujazo. Taa ipo nyuma ya chupa, kamera ipo mbele. Kinywaji cheusi kinazuia mwanga, sehemu tupu inaupitisha. Chupa zilizojazwa pungufu zikianza kupita, mwanga mwingi zaidi unafika kwenye kamera. Kamera inayojiamulia inaona picha zimezidi kung'aa, inajipunguza, na kwa kujipunguza inaipunguza tofauti ileile uliyoiajiri iitafute. Au vizibo: vyeupe vikipita mfululizo kamera inajizoesha weupe, kisha cha kwanza cha buluu kikija kinakutwa gizani na kukataliwa bila kosa. Utamtafuta mchawi ndani ya programu, na mchawi ni ile alama ndogo ya kujiamulia uliyosahau kuiondoa.

Sasa nisikilizeni kuhusu mwanga, maana mipangilio yote ni watoto wake. Katika karne ya 11, mjini Kairo, Ibn al-Haytham aliandika kitabu kikubwa cha elimu ya kuona, akaeleza kwamba tunaona kwa sababu mwanga unatoka kwenye vitu na kuingia machoni mwetu. Kamera haijaenda mbali na hapo. Haijui chupa, haijui kizibo, haijui lebo. Inajua ni mwanga kiasi gani umeangukia kila pikseli, basi. Kasoro isiyobadilisha mwanga, kwa kamera haipo. Kwa hiyo swali la kwanza la fundi ni hili: taa niiweke wapi ili kasoro hii ibadilishe mwanga kuliko kitu kingine chochote?

Wino mweusi kwenye chupa angavu unataka taa ya nyuma. Herufi zilizochomoza kwenye plastiki bila rangi zinataka taa ya pembeni, iliyolazwa chini, ili kila mwinuko utoe kivuli. Kizibo kinachong'aa kinataka mwanga laini unaotoka pande zote kama wa kuba, au vichujio vya polaraizi vya kuua mng'ao, mkikumbuka kwamba vichujio hivyo vinakula zaidi ya nusu ya mwanga wenu. Na kama kamera ni ya nyeusi na nyeupe, rangi ya taa ni silaha: taa nyekundu ikipiga maandishi mekundu kwenye karatasi nyeupe, maandishi yanapotea; taa ya buluu ikiyapiga, yanakuwa meusi ti. Nimeona vijana wakihangaika siku mbili na kontrasti ya programu, kumbe tatizo lilikuwa la kubadilisha taa kwa dakika kumi.

Kuna laini moja iliyokuwa ikikataa chupa nzuri kila siku alasiri, na asubuhi iko salama. Mafundi watatu walipandisha na kushusha geini wiki nzima. Nikasimama pale saa kumi, nikatazama sakafu. Jua lilikuwa linaingia kwa dirisha la juu, mstari mwembamba, unatambaa hadi mguuni pa kamera. Tiba yake ilikuwa kipande cha bati kilichopakwa rangi nyeusi isiyong'aa, kikawekwa juu ya kituo cha ukaguzi. Mipangilio ikarudishwa kama ilivyokuwa.

Na msiziamini taa za dari. Umeme wetu huku Afrika Mashariki ni wa hezi 50, hivyo taa nyingi za kawaida hupanda na kushuka mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni. Kamera inayofungua kwa sehemu ya elfu kumi ya sekunde inaona vizuri sana: picha moja inaangukia kwenye kilele, ya pili bondeni. Tumieni taa za kazi hiyo, zinazolishwa umeme wa moja kwa moja au zinazopiga flashi pamoja na kamera, kisha zifunikeni zisichanganyike na za dari.

Tukishakuwa na mwanga, ndipo tunafika kwenye mafiga matatu: muda wa mwanga, tundu la lenzi na geini. Ukisogeza moja, sufuria linainama, lazima usogeze jingine.

Muda wa mwanga haupangwi kwa kubahatisha, unapigiwa hesabu. Laini yetu inatoa chupa 36,000 kwa saa, yaani 10 kila sekunde. Toka katikati ya chupa moja hadi katikati ya nyingine ni sentimita 10, kwa hiyo mkanda unakwenda mita 1 kwa sekunde. Ukifungua kamera kwa sehemu ya elfu ya sekunde, chupa inasogea milimita 1 wakati picha ikipigwa. Kama picha yako ina pikseli 1,280 kwenye upana wa milimita 128, kila pikseli inabeba milimita 0.1. Maana yake umeburuza kila nukta ya wino kwenye pikseli 10. Nane inakuwa sifuri, tatu inakuwa nane. Ili isiburuzike zaidi ya pikseli moja, unahitaji sehemu ya elfu kumi ya sekunde, yaani maikrosekunde 100. Andikeni hesabu hiyo ukutani: kasi ya mkanda mara muda wa mwanga isizidi upana wa pikseli moja. Na siku meneja akiongeza kasi ya mkanda, hesabu inarudiwa siku hiyohiyo, haingoji malalamiko.

Lakini umeukata muda mara kumi, na mwanga umepungua mara kumi. Hapa ndipo vijana hukimbilia geini, kwa kuwa haina gharama na haihitaji ngazi. Wanangu, geini haileti mwanga. Ni kipaza sauti cha harusini: ukikifungua hadi mwisho kinampaza msemaji na mkoromo wake pamoja. Kila desibeli 6 zinakuza ishara karibu mara mbili, na chengachenga nazo zinakua mara mbili. Ukiweka desibeli 20 kufidia ule mwanga uliopotea, picha itang'aa kwenye skrini na bosi atafurahi, ila nukta ndogo ya wino na chenga havitatofautishika. Mimi naanza na geini sifuri, na nikilazimika kuipandisha naandika kwa nini.

Tundu la lenzi nalo lina bei yake. Kutoka f/8 hadi f/2.8 unapata mwanga mara nane, lakini kina cha ukali wa picha kinakuwa chembamba, na chupa inayotikisika kidogo kwenye mkanda inatoka nje ya ukali. Ukilifunga hadi f/16 kina kinaongezeka, ila mwanga unajipinda kwenye tundu dogo na picha nzima inalegea. Kwa kazi zetu nyingi f/5.6 au f/8 inatosha. Ukipanga ukali, lifungue tundu lote kwanza. Hapo kosa dogo linaonekana waziwazi. Ukishapata ukali, lirudishe tundu mahali pake na ukaze zile skurubu ndogo za lenzi. Mashine inatetemeka mchana na usiku, na lenzi isiyokazwa huhama polepole kama saa inayochelewa.

Basi mwanga utatoka wapi? Utoke kwenye taa. Harold Edgerton wa chuo cha MIT, Marekani, alijulikana dunia nzima kwa picha za risasi ikipenya tufaha na tone la maziwa likiruka kama taji. Hakuwa na kipaza sauti cha kukuza giza. Alikuwa na flashi fupi na kali. Taa za LED za leo zinafanya vivyo hivyo: zinapigwa umeme mwingi kwa muda mfupi sana, wakati kamera imefunguka, kisha zinapumzika. Ombeni taa bora kabla ya kuomba kamera ghali. Na hakikisheni kamera ni ya shata inayofunguka mara moja kwa picha nzima. Ile inayosoma mstari mmoja baada ya mwingine itakupa chupa iliyopinda kama mnazi wa pwani, na hakuna mpangilio utakaoinyoosha.

Msitazame picha peke yake, tazameni histogramu, ule mchoro unaoonyesha pikseli ngapi zina mwanga kiasi gani. Kwenye picha ya biti 8 kila pikseli ina namba kutoka 0 hadi 255. Skrini za kiwandani zinadanganya, kila moja ina mwangaza wake, lakini namba hazina skrini. Mlima wa histogramu ukigonga ukuta wa 255, sehemu hiyo imeungua. Ufa uliokuwa hapo umefutika, na hakuna programu itakayoufufua. Ukigonga 0, umezama gizani. Nataka sehemu nyeupe ya bidhaa ikae chini kidogo ya ukuta, tuseme 200 hadi 230, ili taa ikicheza kidogo pabaki nafasi.

Kuhusu rangi nitakuwa mfupi. Kamera nyingi za rangi hutumia mpangilio wa vichujio alioubuni Bryce Bayer wa Kodak, aliyepata hataza mwaka 1976: kila pikseli inaona rangi moja tu, na mbili zilizobaki zinakisiwa kutoka kwa majirani. Kama kazi ni kutofautisha kizibo cha chungwa na cha nanasi, chukueni rangi na mfunge mizani ya weupe isihame. Kama kazi ni kupima au kusoma tarehe, nyeusi na nyeupe inawatosha, na waya utawashukuru. Picha ya pikseli milioni 5 ya biti 8 ni megabaiti 5. Kumi kwa sekunde ni 50, na waya wa gigabiti moja hauzidi 125. Ileile ikitumwa kwa rangi kamili ni mara tatu, 150 kwa sekunde, na picha zinaanza kudondoka njiani. Chupa ambayo picha yake imedondoka hakuna aliyeikagua. Kateni pia sehemu za picha zisizo na kazi. Hakuna haja ya kusafirisha picha ya ukuta.

Sasa umeme. Mmepanga vizuri, mmekwenda nyumbani, usiku umeme umekatika na jenereta ikaingia. Kamera ikiwaka upya inasoma kumbukumbu yake ya kudumu. Kama hamkuhifadhi mipangilio humo, na kuiambia kamera ianzie humo, itarudi na ya kiwanda ilikotengenezwa, mara nyingine pamoja na vile vya kujiamulia mlivyovizima. Laini itatembea. Hakuna kengele itakayolia. Kwa hiyo kupanga hakujaisha mpaka mmehifadhi, mmezima umeme wa kamera kwa makusudi, mmewasha, na mmesoma namba zote tena mkizilinganisha na daftari. Nimesema daftari, la karatasi: muda wa mwanga, namba ya tundu, geini, umbali wa lenzi, pembe ya taa, tarehe, na jina la aliyegusa. Hifadhini pia picha moja ya chupa nzuri iliyopigwa siku ya kwanza. LED huzeeka na vioo hushika vumbi. Mkilinganisha picha ya leo na ile, mtaona unyonge wa taa kabla haujaleta hasara.

Nakuja kwenye gumu zaidi, nalo halipo kwenye menyu. Ni bosi aliyesimama nyuma yako. Msimgombeze, naye ana bosi wake na hesabu yake ya zamu. Lakini msimpe alama ya kupita ili aondoke. Mwambieni kwa heshima: "Mkuu, nipe dakika tano niangalie bidhaa." Mchukueni hadi kwenye kreti, mpeni chupa tatu zilizokataliwa na lenzi ndogo ya kukuzia, asome mwenyewe. Nikiwa na umri wenu sikujua kwamba dakika tano zinaombwa. Kama bado anataka kigezo kilegezwe, aandike kwenye daftari na aweke sahihi yake. Katika miaka yangu yote, waliokubali kutia sahihi ni wachache.

Kwenye kabati la chuma karibu na kituo cha kwanza nimewaachia chupa saba, nimezichora msalaba mwekundu chini ya kitako. Moja haina tarehe, moja tarehe yake imekosa nukta, moja kizibo kimekaa upande, moja haina kizibo, moja imepungua ujazo, moja lebo imepinda, moja ina ufa shingoni. Kila mwanzo wa zamu, na kila baada ya mtu kugusa mpangilio wowote, zipitisheni kwenye mkanda kwa kasi ileile ya kazi. Zote saba zikataliwe. Kisha pitisheni ishirini nzuri, zote zipite. Ikikosea hata moja, laini haianzi, hata kama lori limeshapanga foleni getini.

Ufunguo wa kabati upo kwenye ndoano nyuma ya mlango wa karakana. Kesho zamu inaingia saa kumi na mbili asubuhi. Njooni robo saa kabla.